Nukta Yenye Kivuli

"Ermek, hilo anga umelipika mpaka limeungua! Punguza moto!"

Ermek alicheka peke yake mbele ya kompyuta yake mpakato. Aliyeandika alikuwa Sapar, mtani mkuu wa kundi la simu la wapiga picha wa milima, pande za mji wa Karakol. Asubuhi ile Ermek alikuwa amewatumia picha ya bonde lao aliyoipiga jua likichomoza, na tangu hapo simu haikutulia.

"Theluji imekuwa ya bluu kama sabuni ya unga," akaandika mwingine.

"Vivuli vya chini vifungue kidogo. Mto umezama gizani."

"Na ile nukta nyekundu kwenye mteremko, upande wa kulia? Futa. Inavuta jicho bure."

"Kamera yangu kuukuu hiyo," Ermek akajibu. "Mwanga ukiwa hafifu, inatapika nukta."

Akapunguza bluu. Akafungua vivuli, na mto ukajitokeza unang'aa kama kisu kipya. Kisha akachukua brashi ya kufuta, akaigusa ile nukta. Ikatoweka. Moyo ukamdunda kwa raha. Akaziweka picha mbili kwenye ukurasa wake, ghafi na iliyorekebishwa, akaandika chini yake: "Kabla na baada. Nimeondoa uchafu wote."

"SASA hiyo ndiyo picha!" Sapar akalipuka. "Njoo unifundishe, mdogo wangu!"

Sifa zile zilikuwa dawa, maana Ermek alikuwa na kidonda. Alfajiri ile hakwenda mlimani kwa ajili ya picha tu. Jana yake alikuwa amemwambia Perizat, binti wa Jumabai mfuga nyuki:

"Nataka kukuoa. Sema neno moja tu."

Perizat, ambaye hata kuagiza mkate dukani huona haya, alijifunika uso kwa mikono.

"Kwa mdomo siwezi, Ermek. Kesho alfajiri nitavuka mto, nije pale unapopigia picha. Nikija, ni ndiyo. Nisipokuja, usiniulize tena. Kuna watu wa mjini Balykchy wanakuja mchana na hereni."

Hereni hazikuwa mchezo. Mama wa kijana akishamvalisha binti, huyo binti ni wao.

Ermek alisubiri, macho yake kwenye njia itokayo darajani. Jua likapanda. Hakuja mtu. Akafungasha kamera yake, akarudi nyumbani kujiliwaza na rangi.

Simu ikaita mlio mfupi. Ujumbe wa Perizat.

"Nimeziona picha zako mbili. Asante kwa jibu."

"Jibu gani? Si wewe ndiye hukuja?"

"Kumbe mimi ni uchafu. Umeniondoa mbele ya watu wote. Wageni wameshafika. Kwaheri."

Akapiga. Ikakatwa. Akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa.

"Uchafu?" Ermek aliuliza ukuta. "Nimemwita nani uchafu?"

Wakati huohuo kundini akaingia Eje Burul. Ni mwanamke mwenye duka la picha mjini, na wote humwita eje, dada mkubwa, kwa heshima na kwa woga. Haandiki mara kwa mara. Akiandika, watu hukaa sawa.

"Ermek. Nani kakwambia ile nukta ni kamera?"

"Eje, kamera yangu naijua."

"Hata mimi naijua, picha zako nazichapa mimi. Nukta zake hukaa mahali palepale kila siku, kwenye kona ya juu kushoto. Hii iko kulia. Fungua picha ghafi, ukuze."

"Eje, sasa hivi sina moyo wa..."

"Kuza, nimesema! Halafu uniambie: nukta ya kamera ina kivuli?"

Ermek akafungua picha ghafi. Akakuza. Akakuza tena, mpaka majani ya mlimani yakawa vipande vya rangi. Katikati yao palikuwa na kitambaa chekundu. Chini ya kitambaa, gauni. Mkono mmoja umeinuliwa juu, na nyuma yake kivuli chembamba kimelala kwenye nyasi.

"Mungu wangu!"

Akayaelewa yote kwa mkupuo. Theluji ilikuwa inayeyuka, mto umefura, na daraja la magogo, ambalo yeye hakuliona kutoka pale, lazima lilizama. Perizat alishindwa kuvuka, akapanda mteremko wa ng'ambo, akavua kitambaa, akampungia. Mto ulikuwa unanguruma, Ermek hakumsikia. Naye alikuwa ameganda akitazama njia, hakuinua macho. Kamera ndiyo iliyomwona. Kisha yeye akamfuta.

Akaandika kundini: "Eje, huyu ni mchumba wangu! NIMEMFUTA MCHUMBA WANGU!"

Kundi likawaka.

"Nini?!"

"Ni mimi niliyesema futa. Nisamehe, kaka!"

"Yuko wapi sasa?"

"Ng'ambo. Wanamvalisha hereni za watu wengine!"

"Na bado unaandika?" Sapar akafoka. "Tupa simu, panda farasi, mjinga wewe!"

Ermek aliiondoa picha iliyorekebishwa ukurasani, akaifunga kompyuta ndani ya koti la ngozi, akamrukia farasi wa jirani bila hata kuomba. Mtoni maji yalimfika farasi tumboni, baridi ikamwingia hadi kwenye meno. Alikuwa anapiga kelele, mwenyewe hajui kama analia au anacheka.

Aliingia kwa Jumabai maji yakimchuruzika. Meza ilikuwa imejaa maandazi, asali na chai. Mama mmoja mnene wa Balykchy alikuwa ameshika kiboksi cha hereni mkononi, kimefunguliwa, na Perizat amekaa mbele yake, kichwa chini, nywele zimesogezwa nyuma ya masikio.

"Subirini!"

"Wewe nani?" mama yule akashtuka.

"Mpiga picha."

"Hatukuagiza mpiga picha."

"Ermek!" Jumabai akasimama. "Una wazimu? Unanilowanishia zulia!"

"Baba, nisamehe. Perizat, nitazame."

Perizat hakuinua kichwa. "Nenda zako. Ulinionyesha, kisha ukanifuta. Kijiji kizima kimesoma ulichoandika."

"Nilidhani ni ugonjwa wa kamera! Nilikuwa nakutafuta njiani, kumbe uko mlimani. Tazama, huyu hapa. Ghafi, sijamgusa."

Akaisukuma kompyuta katikati ya vikombe. Mama wa Balykchy akavaa miwani, akainama karibu.

"Huyu ni wewe, binti?"

Perizat akainua jicho kidogo, akaitazama picha.

"Alfajiri yote hiyo? Na mto ule?"

Perizat akatikisa kichwa kukubali, polepole.

Mama yule akavua miwani. "Sikia, mwanangu. Nimetoka mbali na mgongo unaniuma. Sitamvalisha hereni mtu aliyempandia mwanaume mwingine mlima. Sema, ulikuwa unapunga nini pale?"

"Sema, Perizat," baba yake akaongeza, kwa upole ambao Ermek hakuutegemea.

Perizat akawa mwekundu hadi shingoni. Ermek alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Ndiyo," Perizat akasema.

"Ndiyo nini?"

"Nilikuwa nasema ndiyo. Kwake. Namtaka yeye!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikamshtua hata mwenyewe, akajifunika uso kwa kitambaa cha meza na kumwaga sukari yote.

Kiboksi kikafungwa, tap! Kijana wa Balykchy, aliyekuwa pembeni hajasema neno, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Na wewe ulikuwa hutaki?" mama yake akamgeukia.

"Mama, nilikwambia tangu jana. Hukunisikia."

"Mtanimaliza nyie watoto! Nipeni chai."

Watu wakacheka. Lakini Jumabai alikuwa bado amekunja uso.

"Wewe Ermek, binti wa mtu anachumbiwa kwa kompyuta? Mama yako yuko wapi?"

Ermek akapiga simu palepale.

"Mama, njoo kwa Jumabai haraka!"

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Ninaoa!"

"Leo?! Sijachana hata nywele!"

"Njoo hivyohivyo!"

Mama Ermek alivushwa mto na trekta la jirani, amesimama nyuma ya dereva, aproni ya jikoni bado kiunoni, anawapigia vigelegele watu wasiojua kuna nini. Aliposhuka alimpita mwanawe bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya Perizat.

"Mwanangu, ameniita ghafla, sikununua kitu," akasema huku akihema. Akainua mikono, akafungua hereni zake mwenyewe za fedha, moja kisha nyingine, akamvalisha. "Hizi zina joto la masikio yangu. Vaa, usisikie baridi."