Msingoje Maji Yakatike

Pampu ya maji ya mtaa wao, pale Mlabani, ilikuwa mikononi mwa Egidius, na ole wake aliyemwita ikiwa imeshakufa. Aliwafundisha akina mama kuhesabu. Ndoo moja hujaa kwa kupampu mara ishirini. Ikifika mara thelathini, mpira wa ndani umechakaa na maji yanarudi chini.

"Niiteni siku hiyohiyo," aliwaambia. "Msingoje maji yakatike."

Walimcheka, lakini walihesabu.

Mwaka 1996 Egidius alikuwa na miaka thelathini na minane, na gunia la mpunga alilibeba bila kuguna. Kumbe moyo wake ulikuwa na valvu inayovuja, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Kwa miaka mitatu madaktari walimpima kila baada ya miezi sita, wakamwacha aendelee na kazi zake. Septemba hiyo walibadili kauli. Moyo ulikuwa umetanuka kupita kiasi na nguvu zake zimeanza kupungua. Alitakiwa kwenda India kupasuliwa, na ajibu kabla ya Ijumaa.

Egidius akakataa katakata. Mtu haumwi, hahemi, apasuliwe kifua? Afie ugenini, na watoto awaachie nani? Aliogopa, maskini, na hofu ikamfanya mkali. Akasema atakwenda siku atakapoumwa.

Alhamisi alasiri akaja jirani yao, nesi Aurelia. Hakumbembeleza. Alisema si kila valvu inayovuja hupasuliwa, na upasuaji nao una hatari yake, ndiyo maana walimsubirisha.

"Lakini sasa hatari kubwa ni kungoja, shemeji. Siku utakayoanza kuhema, moyo utakuwa umeshachoka. Ukitengenezwa wakati huo, huenda nguvu zisirudi zote."

"Mimi sina dalili yoyote, nesi."

Wilhelmina, mkewe, alikuwa amelia siku nne, macho yamevimba. Sasa akaweka ndoo mbele ya mumewe.

"Baba Sikitu, tukipampu mara thelathini, ndoo haijai?"

"Inajaa."

"Sasa mbona unatukataza kungoja?"

Egidius aliitazama ile ndoo. Kisha akamwuliza nesi, kwa sauti ya chini, kama atarudi kwenye pampu yake.

"Tunatumaini hivyo," alisema Aurelia. "Kukuapia siwezi."

Ijumaa asubuhi alitia sahihi kukubali upasuaji.

Alirudi Machi, amekonda, ana kovu refu kifuani na dawa za kumeza kila siku. Tarehe za kupimwa hakukosa hata moja. Mwaka uliofuata kipimo kilionyesha moyo umepungua ukubwa na unasukuma damu vizuri. Wilhelmina aliposikia, alilia tena, safari hii kwa furaha.

Wiki hiyohiyo akina mama walimwita kwenye pampu. Alishika mpini, wao wakahesabu. Ndoo ilijaa kwenye thelathini na moja.

"Lakini maji bado yanatoka, fundi," alisema mmoja wao.

"Najua," alisema Egidius, akaenda kuchukua spana.