Muulize Mwenyewe Kabla ya Kumweka Kaunta

Kiangazi kikiisha, mtaa wetu wote hunukia pilipili hoho za kuchoma. Tunazimenya, tunazitia kwenye chupa, tunazila majira ya baridi. Mimi huchoma pamoja na jirani yangu Stana, kwa sababu ua wetu ni mmoja. Mumewe, Tihomir, ana baa ndogo upande wa barabarani. Asubuhi wanauza kahawa kwa watu wanaokwenda sokoni. Jioni wanauza bia, divai na rakia, ile pombe yetu kali ya plamu.

Siku moja tukichoma, Stana akaniambia mhudumu wao wa kaunta ameondoka kwenda kutafuta kazi Austria, kama vijana wetu wengi.

"Aliaga?" nikamuuliza Stana.

"Aliaga kwa simu. Akiwa ndani ya basi."

"Na sasa nani anamimina?"

"Mume wangu. Anamimina kama anamwagilia kabichi. Nusu kwenye glasi, nusu mezani."

Tulikuwa tunacheka bado pale Velizar alipoingia uani. Velizar ni kumu wa Tihomir. Yaani ndiye aliyemsimamia ndoa, akawasimamia na watoto wake kwenye ubatizo. Kwetu kumu ni zaidi ya ndugu. Ndugu unaweza kugombana naye. Kumu hakataliwi, wala haulizwi maswali.

"Kumu," Velizar akamwambia Tihomir, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa baa, "nasikia unatafuta mtu."

"Natafuta."

"Mchukue mwanangu Radoje. Yuko nyumbani tu, anahesabu nzi."

"Anaweza kuanza lini?"

"Hata kesho."

"Basi kesho."

Wakapeana mikono. Stana akawaletea kahawa, na kazi ikawa imepatikana. Radoje mwenyewe hakuwepo.

Radoje alikuwa kijana mrefu, mpole, wa miaka ishirini na sita. Kaunta ilikuwa haijawahi kuwa safi namna ile. Alijua bibi yupi anataka kahawa tamu na yupi anataka chungu. Akinikuta na mzigo wa kuni, alikuwa akinipokea bila kuombwa.

Kuna jambo tulikuwa hatulijui. Masika iliyopita Radoje alilazwa hospitali ya mjini kwa sababu ya ulevi. Alitibiwa, akaacha. Daktari alimwambia akae mbali na pombe kabisa. Wazazi wake ndio waliojua, na baba yake alificha kwa aibu. Alisema, "Watu wakijua, nani atampa kazi? Nani atampa mke?"

Sasa sikilizeni desturi yetu. Mtu akipata furaha huja baa, huwanunulia wote pombe, na mhudumu wa kaunta naye hununuliwa glasi yake. Akikataa, ni kama ameitemea mate furaha ya mwenzake. Radoje alipata ujanja. Alijaza maji kwenye glasi ndogo, akainua, akanywa. Watu wakadhani ni rakia.

Jioni moja niliwapelekea kina Stana chupa zao za pilipili pale baa. Palikuwa na dereva mmoja wa lori aliyepata mjukuu wa kiume. Yeye hakungoja kumiminiwa. Alichukua chupa mwenyewe, akamjazia Radoje mbele ya watu.

"Kunywa kwa afya ya mjukuu wangu."

"Natumia dawa, mjomba."

"Dawa gani? Ukoo wangu umepata mtu, wewe unaniletea habari za dawa? Tihomir, huyu mtu wako ananidharau."

Tihomir akachungulia kutoka jikoni. "Radoje, kunywa hiyo moja, mgeni asikasirike."

Radoje akanywa. Mimi nilikuwa namtazama. Hakukunja uso kama watu wanavyokunja. Alifumba macho, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu.

Kuanzia hapo alianza kuharibika. Mara amechelewa, mara amevunja glasi, mara amekosea hesabu. Stana alimwambia mumewe amwondoe kazini.

"Na kumu nitamwambia nini?" Tihomir akajibu. "Atatulia tu."

Hakutulia. Asubuhi moja ya Januari, mpeleka mikate alimkuta kando ya mto. Theluji ilikuwa imemfunika mpaka mabegani. Alikuwa amelewa, akalala pale, baridi ikamuua.

Makaburini mama yake Radoje alilia maneno haya haya, tena na tena: "Mwanangu alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza." Velizar alisimama kando yake, hamtazami mtu. Tihomir alikwenda kumpa mkono wa pole. Velizar hakuupokea.

Baa ikafungwa mpaka arobaini ikapita. Ilipofunguliwa, Tihomir alirudi kumimina mwenyewe.

Sasa mimi nina binti mmoja, Nevena. Masika ilipofika, akaniambia, "Mama, nataka kuomba kazi kwa Tihomir."

Kijiko kiliniponyoka. "Bora uende Austria."

"Ukisikia neno Austria huwa unalia."

"Nitalia. Lakini utakuwa hai."

"Mama, mimi si mlevi."

"Hata Radoje alipoingia pale alikuwa halewi."

Sikulala vizuri siku nyingi. Nikaona nikimkataza ataondoka kweli, na nikimruhusu nitamzika. Mwishowe nikamwendea Kosara. Huyu ni mwanamke wa mtaa wetu aliyestaafu. Alikuwa mkuu wa wahudumu kwenye hoteli ya chemchemi za maji ya moto, na alikuwa ameajiri watu wengi sana wa baa na mezani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Usimkataze mtoto," akasema. "Mwenye kufundishwa ni Tihomir. Vaa koti twende."

Tuliwakuta Tihomir na Stana jikoni.

"Simwajiri mtu tena," Tihomir akasema hata kabla hatujakaa. "Naiuza hii baa."

"Iuze," Kosara akamjibu. "Atakayeinunua naye ataajiri kwa kikombe kimoja cha kahawa, kama wewe."

"Dada Kosara, unanichoma."

"Nakuchoma, ndiyo. Ukinunua mbuzi unamfungua mdomo, unatazama meno. Mtu ulimchukua hata bila kumwona."

"Alikuwa mtoto wa kumu."

"Basi ulimwajiri kumu. Kijana hukumwajiri."

Tihomir akainamisha kichwa. Stana ndiye aliyeuliza, "Sasa tungefanyaje?"

"Tuanze na kazi yenyewe. Mtu wa kaunta anafanya nini?"

"Anamimina," Tihomir akasema.

"Na nini tena?"

Stana akamjibia. "Anaosha glasi. Anabadilisha pipa la bia. Anapokea pesa na kurudisha chenji. Anamkatalia mtoto ambaye hajafika miaka kumi na minane. Anamwambia mlevi sasa basi. Anatukanwa. Anafuta matapishi."

"Umesikia, Tihomir? Kumimina ni kazi ndogo kuliko zote. Yaandike hayo yote, na saa za kazi, na mshahara, na siku ya kupumzika. Bandika dirishani. Peleka na ofisi ya ajira ya mji. Usinong'oneze kwa jamaa tu. Ukinong'oneza kwa jamaa utapata jamaa."

"Na wakija?"

"Kila mmoja unakaa naye peke yake. Baba asiwepo, mama asiwepo." Hapo alinitupia jicho. "Wote waulize maswali yale yale, ndipo utaweza kuwalinganisha. Amefanya kazi wapi? Nani umpigie simu akupe habari zake? Kisha umpigie kweli, usiseme tu utapiga. Mlevi akidai glasi nyingine, atamwambiaje? Wageni wawili wakianza kusukumana, atafanyaje?"

"Na akija msichana, nimuulize kama ataolewa karibuni?"

"Hilo halikuhusu. Wala kama atazaa."

"Nilitaka kujua tu."

"Wengi hutaka kujua tu," Kosara akasema, na Stana akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie kicheko ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Kisha Kosara akashusha sauti. "Halafu mwambie hatari ya kazi, wazi wazi. Mwambie, hapa utashinda katikati ya pombe, na watu watakubembeleza unywe. Muulize, je, kazi hii inakufaa? Mwambie halazimiki kukutajia ugonjwa wake. Akisema tu haimfai, umshukuru, na maneno yake yasitoke nje. Ukiwa na kazi nyingine jikoni au ya kahawa asubuhi, mpe hiyo."

Tihomir alikuwa anasugua meza kwa kidole. "Jikoni palikuwa na nafasi," akasema. "Stana alikuwa anataka msaidizi."

Kosara akamsogezea karatasi na kalamu. Naye akaanza kuandika.

Tangazo likabandikwa dirishani. Wakaja watu watatu. Wa kwanza alisikia habari ya mapipa, akasema mgongo wake haufai. Kwa wa pili, Tihomir alimpigia simu aliyewahi kumwajiri, akaambiwa huiba pesa za wageni. Wa tatu alikuwa Nevena.

"Mama abaki nje," Kosara akasema. Nikabaki nje, lakini dirisha lilikuwa wazi, na mimi si kiziwi.

Nevena alijibu vizuri. Tihomir alikuwa amempigia simu mwenye duka la mikate alikofanya kazi zamani. "Anasema wewe ni mwaminifu na mchapakazi," Tihomir akamwambia, "ila asubuhi huamki."

"Ni kweli," mwanangu akasema.

"Basi kwetu ungeingia mchana."

Kisha Kosara akachukua chupa, akajaza glasi. "Sasa mimi ni mgeni. Nimepata mjukuu. Shika hii, binti, tunywe."

"Asante, shangazi, lakini niko kazini."

"Kazini kitu gani? Mjukuu wangu hakupendezi?"

"Ananipendeza."

"Nyie watu, mnamwona huyu? Ananidharau mbele yenu."

Nikachungulia. Mwanangu alikuwa ameshika glasi, anaiinua.

Kosara akampokonya glasi kabla haijafika mdomoni. "Umeona, Tihomir? Msichana mwerevu, na ameshindwa. Na kosa si lake. Mfanyakazi hawezi kumkatalia mgeni akiwa peke yake. Lazima nyuma yake awepo mwenye baa. Sema wewe."

"Niseme nini?"

"Sema kwako mfanyakazi anakunywa au hanywi."

"Kwangu mfanyakazi hanywi."

"Umesema kama mtu anayeomba radhi. Sema tena."

Tihomir akaitazama ile glasi mkononi mwa Kosara. Akatoka nje, akanipita bila kuniona, akaenda kusimama kwenye bomba la uani. Alijimwagia maji usoni kwa muda mrefu. Aliporudi, alisimama nyuma ya kaunta kando ya Nevena.

"Kwangu mfanyakazi hanywi," akasema. "Anayetaka kukasirika, akasirike na mimi."

"Hapo sawa," Kosara akasema.

Lakini hakumruhusu Nevena kugusa glasi siku hiyo. Kwanza mkataba ukaandikwa, na jina la Nevena likapelekwa kwenye bima. Ndipo akaanza kwa siku za majaribio, naye akalipwa siku hizo kama siku nyingine zote. Stana alimfundisha pipa, bomba na chenji. Kosara alimfundisha kumwambia mlevi basi bila kumwaibisha: kumletea maji na chakula, kumpigia simu mtu wa kwao.

Kiangazi walikuja watu wa harusi. Mmoja akamsukumia Nevena glasi. "Mwenye baa haruhusu, mjomba," akamwambia. "Ukitaka kunifurahisha, ninunulie kahawa." Yule bwana akapaza sauti. Tihomir akatoka jikoni na aproni yake, akasema yale maneno. Bwana akalipa, akaondoka kwa hasira kwenda baa ya jirani. Wiki iliyofuata alirudi. Alisema kule glasi zinanuka.

Mpaka leo Nevena hajanywa kazini, na hajazungumzia Austria. Mimi bado huenda kumsubiri akimaliza kazi. Ananiambia namtia aibu. Naenda hivyo hivyo.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa pale namsubiri. Velizar akaingia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu tulipomzika Radoje. Akakaa meza ya karibu nami, akaomba kahawa. Nevena akamletea.

Tihomir akatoka jikoni, akasimama mbele yake, mikono hajui aiweke wapi.

"Kaa, kumu," Velizar akasema.

Akakaa. Velizar akamtazama Nevena aliyekuwa anapanga glasi.

"Huyu mlimuuliza?"

"Tulimuuliza."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, peke yake."

Velizar akakoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Ungeniuliza mimi, kumu, ningekudanganya," akasema. "Nakwambia kweli, ningekudanganya machoni. Lakini Radoje angekuambia. Yule mtoto akiulizwa wazi alikuwa hajui kudanganya."

Tihomir alifunika uso kwa mikono. Velizar akanyoosha mkono wake juu ya meza, akamshika bega, na wazee wale wakakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Ninyi wenye baa, nawaandikia mimi mama. Mtoto wa mtu msimpokee kutoka mkononi mwa baba yake. Mketisheni yeye mwenyewe. Mwambieni kazi ilivyo, na ubaya wake. Muulizeni. Kisha nyamazeni, mumsikilize.