Dalali Aliyeingia Bila Hodi

Mama Pacha aliacha cherehani akawa dalali wa nyumba. Asubuhi moja, akiwavalisha watoto viatu, dalali mwenzake aliyeitwa Kidomo alimletea ufunguo.

"Vyumba viwili, vitupu, maji yapo. Peleka mteja, dada."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Maswali ya nini? Na mimi nimepewa na dalali mwenzangu!"

Mama Pacha akaupokea. Alimpeleka muuguzi mmoja aliyetakiwa kuhama upesi pamoja na mama yake mgonjwa. Akafungua mlango, akaingia bila hodi.

Ndani alisimama mwanamke amejifunga taulo, maji yakimchuruzika.

"Nyie nani?"

"Samahani, dada, tumeambiwa nyumba ni tupu..."

"Tupu? Kwani mimi kivuli? Tokeni kabla sijaita watu!"

Barabarani muuguzi alifura. "Mama yangu amekaa juu ya mabegi, wewe unanitembeza kwenye vyumba vya watu! Dalali gani hujui hata nyumba ya nani?"

Mama Pacha alirudi nyumbani na hasira zake. Mumewe aliposikia kisa akamtania, "Mgeni wa bafuni, karibu." Mama Pacha hakucheka. Akavuka kwa jirani yao, bibi aliyefanya udalali tangu ujana.

"Bibi, yule Kidomo nitamla mbichi!"

"Mle. Lakini mlango alifungua nani?"

Mama Pacha akanywea. Sasa hasira ikamgeukia mwenyewe.

"Sikiliza, mjukuu wangu," bibi akasema. "Onana kwanza na mwenye nyumba, akupe ruhusa yeye mwenyewe. Kama kuna mpangaji, mpatane saa ya kuja. Ingia ukague. Fungua bomba, tazama dari, uliza majirani. Kasoro uiseme wewe kabla mteja hajaiona."

Mama Pacha akaanza upya. Alipata nyumba, akazungumza na mwenye nyumba, mzee mmoja fundi wa saa. Akakagua kila pembe. Kisha akamfuata muuguzi kazini.

"Wewe tena? Leo tunamkuta nani anaoga?"

"Leo mwenye nyumba anatusubiri. Lakini chumba cha nyuma kinavuja. Usilipe mpaka paa litengenezwe."

Muuguzi akamkazia macho. "Madalali wote wamenisifia nyumba tu. Twende."

Mzee aliposikia malipo yangoje paa, akaja juu. "Alipe leo, au nampa mwingine!"

"Mpe!" Mama Pacha akafoka. "Na huyo mwingine nitamwonyesha mwenyewe lile doa darini! Mgonjwa halali chini ya tundu, mzee. Mlete fundi wa paa, tuandikiane mkataba, ndipo alipe."

Mzee alinung'unika, akatazama dari, akamwita fundi.

Mvua iliyofuata ilinyesha usiku kucha. Mama wa muuguzi alilala mpaka asubuhi, kitanda kikavu.

Wauguzi wenzake walipouliza wapate wapi nyumba, muuguzi aliwajibu, "Nendeni kwa yule dalali mkali. Hata wenye nyumba huwafokea."