Bawa la Kushoto

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki. Ya pili ikamchana Laetitia begani.

Hakupunguza mwendo.

Mbele yake Hilux nyeupe ilikuwa ikirusha matope, ikikimbia kutoka Mubi. Jasusi Laetitia alichomoa bastola yake ya Glock, akalenga tairi, akafyatua mara mbili. Gari likayumba, likajibamiza kwenye mti. Dereva akafa palepale.

Kessel, fundi wa kigeni aliyekuwa akisakwa, alitambaa nje na kumrukia kwa kisu. Wakabiringishana matopeni. Laetitia akaukunja mkono ule mpaka mfupa ukalia. Kisu kikageuka, kikazama mbavuni mwa mwenyewe.

Kessel alicheka, damu ikimtoka mdomoni. Akamwambia Laetitia kwamba amechelewa. Moja ya drone mbili, ndege zisizo na rubani, za kupeleka chanjo kambini Lushebere ilikuwa na baruti ndani ya bawa. Mkono ukiligusa, au ndege ikitua kwa kishindo, imelipuka. Wakimbizi wangetawanyika, na waliomtuma wangeuchukua mlima wa hapo wenye madini ya coltan.

Akakata roho.

"Zilipueni zote mbili," mkuu wa Laetitia aliamuru kwenye simu ya setilaiti ya Thuraya, alipokwisha kuelezwa.

"Surua inaua watoto kule, Komanda. Moja lazima ipae."

"Utaijuaje?"

"Bila kuigusa."

Drone zilikuwa uwanjani mwa kituo cha afya cha Mubi, karibu na ukuta wa wodi ya wazazi. Papa Esdras, mwendeshaji wa drone hizo, alikuwa anataka kupangusa bawa kwa kitambaa.

"Papa Esdras, toa mukono. Bombe iko ndani," Laetitia alimwambia akishuka pikipiki.

Mkono uliganda hewani.

"Bibi yangu iko anazala mule ndani," alisema polepole, akitazama wodi alimokuwa mkewe.

Laetitia alitoa mashine yake: vichwa viwili, kimoja juu ya bawa, kingine chini, hakuna kilichogusa. Cha juu kilituma hewani sauti isiyosikika kwa sikio. Ilipenya ngozi ya kaboni na vijumba vilivyo ndani yake kama sega la nyuki, ikapokewa upande wa pili. Palipo pazima, mstari kwenye kioo cha mashine ulitulia.

Drone ya kwanza, mabawa yote yalitulia.

Ya pili, bawa la kulia lilitulia.

La kushoto, mstari ulikufa; kitu ndani kilizuia sauti isipite.

"Njo hii," Laetitia alisema, akiionyesha ile ya pili.

Watu wawili wa Kessel waliruka ua wakimimina risasi. Laetitia alijitupa chini, akampiga wa kwanza risasi ya koo. Wa pili alikimbilia kujificha nyuma ya bawa lilelile, mkono mbele.

Risasi ya Laetitia ilimpata kwenye paji la uso. Vidole vyake vilianguka shubiri moja tu kutoka kwenye bawa.

Esdras alishika kidhibiti cha drone, jasho likimtiririka. Akaipaisha ile mbovu, akaipeleka juu ya pori ambako hakuna mtu, akaishusha kwa nguvu. Moto mkubwa ukapasuka juu ya miti. Mabati ya kituo yakatetemeka.

Kisha ile nzima ikapaa na chanjo, ikaelekea Masisi, kambini Lushebere.

Laetitia alikuwa akifunga bega lake.

"Dada, wakiniuliza, niseme nini?" Esdras aliuliza.

"Sema drone moja iliharibika."

Akawasha pikipiki, akaondoka bila kugeuka.