Sikio la Kinanda

Siku mdogo wake alipokaukiwa sauti kwa mafua, Kinanda hakukosea hata neno moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kinanda ni jina alilopewa na mashabiki kwa ajili ya sauti yake. Miaka thelathini jukwaani, filamu kumi na mbili, picha yake imebandikwa hadi kwa vinyozi. Lakini kichwa chake, Mungu amsamehe, kilikuwa chujio. Maneno yote alipewa na mdogo wake, aliyekaa nyuma ya pazia na daftari la mchezo, akimnong'oneza mstari kwa mstari.

"Leo nani kakunong'oneza?" mdogo wake aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, mazoezi ya asubuhi yalipokwisha.

"Acha utani. Si wewe?"

Nyuma ya pazia palinuka ubani uliolowa maji. Hakuna aliyekuwa amefukiza.

Mnong'ono ukamfuata nyumbani. Kinanda alisita hata kabla ya kuomba chumvi, kisha akaiomba kwa maneno matamu kupita kiasi. Mdogo wake aliingiwa na hofu mchana mmoja alipopita karibu na chumba cha dada yake, akasikia sauti kavu ikisema, "Sasa cheka," na Kinanda akacheka, kisha ikasema, "Sasa mwite aliye mlangoni," na Kinanda, bila hata kugeuka, akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo wote wawili walikuwa wamelisahau.

Mganga aliitwa siku hiyo hiyo.

"Nirudishie dada yangu," mdogo mtu alimsihi. "Sitaki kingine."

Mganga alisoma, akafukiza, akaamuru, mpaka mapazia yakavimba bila upepo na kitu kikapita katikati yao, kikinong'ona bado, kikatokomea dirishani.

"Katoka. Msemeshe."

"Dada, unanijua?"

Kinanda alimtazama. Midomo ilifunguka, ikabaki wazi. Walingoja sana, halikuja neno. Mdogo wake, machozi yakimtiririka, akamwinamia sikioni.

"Sema: nakujua, mdogo wangu. Nakupenda."

"Nakujua, mdogo wangu," alisema Kinanda kwa sauti ile ile iliyoliza kumbi nzima. "Nakupenda."

Mganga alijifuta macho. Mdogo mtu alibaki ameinama, kwa sababu Kinanda alikuwa bado ametega sikio, akisubiri aambiwe linalofuata.