Takia la Karani

Takia lilikuwa na joto. Mke wa Karani alipoligusa alidhani ni jua la dirishani, akalihamishia kivulini na kwenda zake kukata kitambaa. Aliporudi, joto lilikuwa pale pale katikati, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye karatasi. Karani alikuwa anawaogopa wezi wa majina kuliko wezi wa kuvunja mlango. Mwenzake kazini alitupa bahasha zake za benki bila kuzichana, mtu akaziokota jalalani akajifanya ndiye mwenyewe, na hadi leo yule maskini anazunguka maofisini kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Basi Karani akanunua mashine ya kuchanachana karatasi, akaiweka sebuleni kando ya televisheni, na kila akitoka kazini akawa anailisha. Taarifa za benki, nakala za kitambulisho na za cheti cha ndoa, kadi za hospitali, hata picha ndogo za pasipoti, vyote viliingia juu vikatoka chini vikiwa vipande vyembamba kama tambi.

"Anayetaka kuwa mimi sasa aje aniunganishe," alisema kwa majivuno.

Mkewe alikuwa fundi wa makochi, mwanamke asiyejua kutupa kitu. Sponji ilikuwa imemwishia, na vile vipande vilikuwa vimejaa mfuko mzima. Akavishindilia ndani ya takia refu na kulishona kwa uzi wa nailoni, mshono wa kubana kweli kweli. Alipomaliza akalipigapiga, akacheka. "Karani, njoo uone, nimekushonea pacha wako! Huyu angalau hakoromi."

Majini yasiyo na makao ni mengi duniani. Lililopita sebuleni mwao siku hiyo lilikuta kila kitu tayari: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, sura, na ngozi iliyoshonwa na fundi hodari. Lingeacha vipi?

Siku ya pili Karani alilala mchana kwa kuegemea lile takia, akaamka akipiga ukelele. Shingo yake ilikuwa imechanika mikato myembamba, mingi, na damu imelowesha kola ya shati. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Limeninong'oneza namba yangu ya kitambulisho," alisema kwa sauti ya chini, asije akasikika. "Yote, mke wangu. Bila kukosea."

"Nalitupa sasa hivi."

"Ulitupe wapi? Karatasi zangu zote zimo humo! Watu waziokote?" Hata akiwa anavuja damu aliogopa wezi. "Liache. Jumamosi nitalichoma mwenyewe."

Jumamosi mkewe alikwenda kupeleka viti kwa mteja. Aliporudi, akiwa bado nje, alisikia vishindo ndani, na meza ikivunjika, na mtu akikoroma kama mnyama anayechinjwa, akasukuma mlango akaingia na kuliona takia sakafuni likiwa tupu, mishono yake imepasuka kwa kusukumwa kutoka ndani, na nyuma yake Karani wawili wakibingirika juu ya vioo vilivyovunjika, shati moja, sura moja, wakikabana koo na kung'atana, damu imewatapakaa wote wawili hata asiweze kujua ilitoka kwa nani. Mashine ilikuwa ikinguruma peke yake pembeni.

Akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia ngozi.

"Mke wangu, ni mimi!" walisema kwa pamoja, wakiachana na kurudi nyuma, mmoja mlangoni, mwingine penye meza. Kwa pamoja wakataja namba ya kitambulisho, na tarehe ya harusi, na jina la baba yake mkwe.

Akili haikumtoka. Lililoandikwa, jini linalijua. Lazima aulize lisilo kwenye karatasi yoyote.

"Siku tuliyomzika mtoto wetu," akasema, "tuliporudi nyumbani, uliniambia nini?"

Aliyekuwa karibu na mlango alifungua mdomo, ukabaki wazi bila neno. Aliyekuwa karibu na meza akaanza kulia. "Nilikuambia pole, mke wangu. Nilikuambia tutapata mwingine."

Uongo. Siku ile mumewe alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni hadi giza likaingia, hakumwambia hata neno moja, na kimya kile kilimuuma miaka yote. Aliyenyamaza ndiye mumewe.

Akamrukia mwongo na kumchoma chini ya mbavu, akauzungusha mkasi, akauchomoa, akachoma tena, akisubiri karatasi zimwagike.

Ilimwagika damu, nyingi na nzito, ikamjaa viganjani.

"Nilitaka kusema," Karani alinong'ona, akimshika mkono uliokuwa bado na mkasi. "Kila siku natamani ningekuwa nimesema." Kisha vidole vyake vikalegea.

Mwanamke alipiga magoti akijaribu kuziba majeraha kwa khanga yake. Hapo ndipo akaelewa kwa nini yule mwingine alinyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika jambo lile, basi jini lingelijulia wapi?

Nyuma yake nyayo zilikanyaga vioo taratibu. Mkono ukatua begani mwake, na sauti ya mumewe ikamwambia kwa upole:

"Pole, mke wangu. Tutapata mwingine."