Nyumba Katika Shimo la Nne

Alhamisi, tarehe 9 Juni 1994, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mufaddal Esmailji alisimama mbele ya kibanda cha kaseti pale stendi ya Muheza, mfuko wa machungwa mkononi kama kila wiki siku hiyo, akaona kitu ambacho hakikupaswa kuwepo duniani. Mbele ya kaseti za taarabu yalikuwa yamepangwa maboksi matatu. Kila boksi lilikuwa na picha ya bao: safu ya mashimo manane, na kete moja nyekundu inayong'aa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba ambalo kila mchezaji wa bao huwa nalo katika safu yake ya mbele.

Picha ile ilikuwa yake. Ilikuwa ya boksi la mchezo wa bao wa kompyuta, mchezo alioutunga kwa miaka miwili nyuma ya duka la familia mjini Tanga. Mchezo wenyewe ulikuwa haujatoka, wala boksi lake halijachapwa hata moja. Picha ya asili ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake.

Machungwa yakamponyoka. Alifungua boksi la kwanza, akakuta tupu. La pili, tupu. La tatu nalo tupu, hamna disketi, hamna hata karatasi ya maelezo.

"Nani kakuletea haya?" aliuliza.

Rahimu, mwenye kibanda, alishtuka kuona mteja anakaribia kulia. "Kondakta wa basi la jana jioni, bwana. Yalikuja na barua."

Barua ilikuwa ya herufi kubwa: WEKA MBELE. NITAPITA IJUMAA. FUNDI ZUBEIRI.

Zubeiri ndiye aliyeichora picha ile. Alikuwa mchora mabango, umri miaka hamsini na nane, na Tanga nzima ilisoma mkono wake bila kujua jina lake. Saa nane mchana polisi walimkuta barazani, Barabara ya Kumi na Mbili, katikati ya mchezo wa bao. Walimfunga pingu mbele ya wenzake, wakampitisha kwa miguu chini ya mabango aliyoyachora mwenyewe: la kinyozi, la mgahawa, la duka la dawa. Wanawake walitoka milangoni. Aliyetia sahihi kwenye malalamiko alikuwa Mufaddal.

Jalada la kesi liliangukia mikononi mwa Sajini Praxeda, aliyehamishwa kutoka Bukoba miezi mitatu nyuma. Kituoni walimwita Mama Kwa Nini, na si kwa kumsifu. Aliyageuza yale maboksi mezani, akayatikisa. Mwizi huiba ili auze. Huyu alikuwa anauza hewa! Sajini hakuipenda hewa ile hata kidogo.

Saa kumi alasiri alikuwa dukani kwa akina Esmailji. Mufaddal alikaa nyuma ya kaunta, uso umempauka. Kaka yake Shabbar, mwenye studio ya picha mlango wa pili, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Nieleze," Praxeda alisema. "Picha ya boksi ina thamani gani hata mtu aiibe?"

"Afande, mchezo haujulikani na mimi sijulikani," Mufaddal alijibu. "Boksi litakaa rafuni, mteja amesimama ng'ambo ya kaunta. Atalitupia jicho mara moja tu. Asipoelewa hapo hapo, ameshaondoka. Kwa hiyo picha ndiyo inayomwita."

"Na hii inaita?"

"Tuliijaribu. Tuliweka picha mbili hapa rafuni, tukawauliza wapita njia waliosimama kule barabarani, wanaona nini. Kwa hii ya Zubeiri, hata mtoto alisema bao. Kitu kimoja, rangi moja kali, basi. Nyingine ilichorwa hapa hapa nyumbani. Ilikuwa na watu thelathini, magofu ya Tongoni, minazi, na bao dogo kama punje kule chini. Mmoja akauliza kama ni tangazo la chanjo." Pamoja na huzuni yake, Mufaddal akacheka. "Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma."

Shabbar hakucheka. "Afande, haya yanasaidia nini? Jina la mzee limeandikwa kwenye barua. Jumatatu apelekwe mahakamani, yaishe."

"Nani mwingine aliyeishika picha?"

"Mimi niliipiga," Shabbar alisema bila kusita. "Mchapaji wa Dar anataka filamu. Filamu ninayo studio, nitaituma kesho. Lakini mimi mambo ya bao siyajui. Mchezo wa watu wasio na kazi, sijashika kete maisha yangu."

Praxeda aliandika kila neno. Saa kumi na moja na nusu alikuwa kwenye chumba cha mahabusu, boksi moja mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ingawa hapa si mahali pa kuamkiana." Zubeiri alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umenyooka. "Binti yangu, mimi sijauza picha ya mtu. Miaka arobaini nachora, sijawahi."

"Hebu itazame hii."

Mzee alilichukua boksi. Alilitazama kidogo tu, kisha akainuka kwa kasi iliyomfanya askari wa zamu asogee.

"A'uzubillahi! Nani kafanya uchuro huu?"

"Barua inasema ni wewe."

"Nifunge, Afande. Nifunge miaka kumi ukitaka! Lakini usiniambie bao hili nimelichora mimi. Nyumba iko wapi? Hesabu! Hesabu kutoka kushoto!"

Praxeda alihesabu. "La nne."

"La nne! Nyumba hukaa shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji. Babu yangu aliikuta hapo, na mimi nimeikuta hapo. Nilihesabu mara tatu kabla sijaweka ile rangi nyekundu. Wenzangu barazani wakiona hili, wallahi, hawatanipa salamu." Machozi yalimtoka. Kutwa nzima, pingu hazikuwa zimemliza.

Praxeda alishtuka, na hakuona aibu kushtuka. Kwao Bukoba walicheza mchezo wa jamaa hiyo, lakini usio na nyumba. Alirudi mbio dukani, akamwamuru Mufaddal afungue kabati. Picha ya asili ilikuwepo, salama. Nyumba ilikuwa shimo la tano. Alibandua nailoni iliyofunika boksi la Muheza, akakwaruza pembe: chini yake palikuwa na karatasi ya picha, ile ya kusafishia studio. Maandishi yalikuwa yamekatwa na kubandikwa juu yake. Kisha akaomba kioo.

Hakusema alichokiona kiooni. Aliomba tu familia na shahidi kutoka Muheza wakutane kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa.

Saa tisa alasiri walikuwa sebuleni kwa Khatijabai, mama wa vijana wale. Zubeiri aliletwa na pingu zake. Praxeda alikuwa amepanga mezani vikombe vinane vya kahawa kwa mstari, na kiberiti kimoja.

"Hivi ni mashimo ya safu ya mbele. Kila mmoja asimame upande wangu huu, aweke kiberiti penye nyumba."

Rahimu alikiweka kikombe cha tano bila kufikiri. Mufaddal, cha tano. Zubeiri akaomba radhi kwa pingu zinazogonga vikombe, akakiweka cha tano.

"Bwana Shabbar?"

"Nimekwambia sichezi." Alikitupa kiberiti. "Katikati. Hapo."

Kilikuwa kikombe cha nne.

"Nane haina katikati," Praxeda alisema. "Ndiyo maana hukuona kosa." Alisimamisha kioo, akaweka boksi la Muheza mbele yake na picha ya asili pembeni. Ndani ya kioo nyumba ilihamia shimo la tano, na hata ule mchirizi mdogo wa rangi ukutani mwa shimo la saba ukakaa mahali pake. "Aliyetengeneza haya hakuchora. Alisafisha picha kutoka kwenye filamu, akaiweka filamu ikiwa imegeuka. Mchezaji wa bao angeona mara moja. Picha yenyewe haikuwa na herufi, ambazo zingesomeka kinyume na kumwonya asiyecheza. Na filamu, kwa kauli yako, haijatoka studio kwako."

Kijiko cha Khatijabai kililia ndani ya kikombe.

"Maboksi yalikuwa matupu kwa sababu hukutaka yanunuliwe," Praxeda aliendelea. "Ulitaka yaonwe. Na ulijua ndugu yako huwa Muheza kila Alhamisi."

"Bhai, kaka yangu," Mufaddal alisema polepole. "Sema si wewe."

Shabbar alimtazama mdogo wake, si sajini. "Miezi mitatu niliichora ile picha yangu! Niliwaweka watu thelathini, kila mmoja na sura yake. Ukaiweka rafuni kama samaki, ukaita wapita njia. Ukacheka. Ukacheka na huyu mchora vinyozi! Na jana mbele yangu umecheka tena."

"Ningejua inakuuma..."

"Ulijua. Hukuuliza tu."

Khatijabai alijifunika uso kwa upindo wa rida, vazi lake la kujitandia, akalia waziwazi. Askari alizitoa pingu mikononi mwa Zubeiri, akamfunga Shabbar zile zile.

"Mzee," Mufaddal alipiga magoti, "niliweka sahihi bila kukuuliza hata swali moja. Nisamehe. Niambie nilipe nini."

Zubeiri alijisugua vifundo vya mikono. "Hapa ndani umeniomba msamaha mbele ya watu watano. Jana walinitazama mtaa mzima. Twende kwa miguu, njia ile ile. Wewe utembee kando yangu."

Wakaenda, jua bado kali. Chini ya bango la duka la dawa, chini ya la mgahawa, chini ya la kinyozi. Mufaddal alimwambia kila aliyesimama mlangoni, "Nilimsingizia mzee huyu. Aliyefanya ni kaka yangu." Mara ya kwanza sauti ilimkatika. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakatoka mazima.

Barazani wazee waliinua vichwa walipowaona. Bao lilikuwa pale pale, kete zimeachwa kama zilivyokuwa jana saa nane, hakuna aliyezigusa. Mmoja wao alisogea kumpisha.

"Kaa, fundi," alisema. "Ilikuwa zamu yako."